Mjukuu wa miezi 14 yuko Hamburg na bado hajatembea: nimsaidieje binti yangu nikifika?

Bi wa Langoni (Lamu)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika kutoka Langoni, Lamu, nikiwa na jambo lililonikosesha usingizi tangu wiki iliyopita, na namuomba mwenye kulijua anijibu kwa urefu bila kunionea haya. Binti yangu wa pili ameolewa Hamburg, Ujerumani, na huko anafanya kazi ya uuguzi. Mwanawe ametimiza miezi 14. Ile posho ya malezi ambayo serikali ya kule huwapa baba na mama wanaogawana likizo imefika kikomo chake cha miezi 14, kwa hiyo binti yangu anarudi kazini, na nafasi ya mtoto katika shule ya chekechea, ambayo wao huiita Kita, itapatikana Januari. Mimi nimepata viza ya siku 90, na Mwenyezi Mungu akipenda nitasafiri mwanzoni mwa Oktoba ili nimshike mtoto katika kipindi hicho.

Linalotutia wasiwasi ni kwamba mtoto hajatembea. Anatambaa kwa kasi, anasimama dede akishika kiti, na huizunguka meza yote kwa kujishikilia, lakini akiachiwa huketi chini papo hapo. Binti yangu huhudhuria kikundi cha kina mama kila Jumatano, na kati ya watoto watano waliomo, wanne tayari wanakwenda tata. Juzi alinipigia simu akilia, akaniambia kuwa kila akirudi kutoka huko hujiuliza amekosea wapi. Mimi ni mama yake, na sikuwa na neno la kumwambia isipokuwa kumuombea dua.

Hapa kwetu sikuwahi kufundisha mtoto kutembea. Nimelea watoto watano katika nyumba hii, na wote walianza hapo kwenye daka, kile kiukumbi cha mlangoni, wakishika baraza ya mawe, kwa sababu kimo chake ni kile kile cha kifua cha mtoto wa mwaka mmoja. Mtoto huanza upande mmoja, akatambaza mikono juu ya chokaa mpaka mwisho, kisha akaliona lile pengo dogo la mlangoni na baraza ya pili upande wa pili, na siku moja akalivuka. Marehemu mama yangu alikuwa na njia yake kwa mtoto aliyechelewa: maji yakipwa alimpeleka ufukweni, akachimba kishimo mchangani, akamsimamisha humo mpaka magotini na kumzibia mchanga, mtoto akawa amesimama peke yake akitazama madau. Lakini binti yangu anaishi ghorofa ya tatu katika mji wa magari na treni, na anasema kule mvua ya Oktoba na Novemba haina kikomo.

Maswali yangu ni haya. Je, mtoto huyu amechelewa kweli? Je, ninunue Mombasa kile kigari cha magurudumu ambacho mtoto huketishwa ndani na kujisukuma kwa miguu? Na je, nitamtoaje mtoto nje kila siku katika baridi hiyo, mimi ambaye sijui hata neno moja la Kijerumani?

---

Muuguzi wa Malindi

Wa aleikum salaam, Bi. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Malindi, na nitajibu maswali mawili ya kwanza, kwa kuwa ndiyo niyajuayo.

Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 utafiti uliowafuatilia watoto 816 wenye afya njema katika nchi tano, nazo ni Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, nchi ambayo wengi wetu wa pwani tuna damu nayo. Utafiti huo ulionyesha kwamba mtoto mwenye afya huanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Kusimama bila kushika kitu huweza kuchelewa hadi karibu na miezi 17, na kutembea kwa kushikilia, kama afanyavyo mjukuu wako pale mezani, hadi karibu na miezi 14. Asilimia 4 hivi ya watoto hao hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, na wakatembea vilevile. Kwa hiyo mtoto wa miezi 14 anayetambaa, anayejivuta juu na kuzunguka meza yumo ndani ya mpaka, tena yumo vizuri. Wale wanne wa kikundi cha Jumatano wametangulia tu, na kutangulia huko hakusemi lolote juu ya akili wala nguvu za mtoto huyu atakapokuwa mkubwa.

Nadhani najua kwa nini binti yako ameachwa peke yake na hofu hii. Kule kila mtoto hupewa daftari la manjano, mfano wa kitabu chetu cha kliniki, na uchunguzi wake hupangwa kwa nambari. Ule unaoitwa U6 hufanywa kati ya mwezi wa 10 na wa 12, na unaofuata, U7, hufanywa kati ya mwezi wa 21 na wa 24. Katika pengo hilo la miezi tisa hivi ndipo watoto wengi huanza kutembea, na ndipo mama huwa hana tarehe ya kumuona daktari kwa ajili ya ukuaji. Hata hivyo, chanjo ya pili ya surua, matumbwitumbwi na rubela hutolewa kule katika mwezi wa 15, tofauti na sisi tunaochanja surua na rubela mwezi wa 9 na wa 18. Mjukuu wako atafika umri huo wewe ukiwa Hamburg. Mwambie binti yako atumie siku hiyo hiyo kumuonyesha daktari jinsi mtoto anavyosimama, kisha atoke na jibu la daktari badala ya kulitafuta kwenye simu usiku. Tena chanjo hizo zitamfaa Januari, kwa kuwa tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inataka mtoto aliyetimiza mwaka awe amechanjwa surua kabla ya kupokelewa Kita.

Yapo mambo ambayo yakionekana yasingoje tarehe yoyote: mtoto kutumia upande mmoja wa mwili zaidi ya mwingine, miguu kukakamaa au kulegea kupita kiasi, au mtoto kupoteza jambo aliloliweza. Na akifika miezi 18 bila kutembea, apelekwe kwa daktari hata kama kila kitu kingine ni sawa. Kama alizaliwa kabla ya wakati, hesabuni umri wake tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Ulizeni pia kuhusu matone au vidonge vya vitamini D. Kule watoto hupewa kila siku tangu wiki za mwanzo, na huendelea hadi majira ya joto ya pili ya maisha yao, kwa sababu kuanzia Oktoba hadi Machi jua la kaskazini huwa chini mno na ngozi haiwezi kuitengeneza. Ngozi yetu nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko yao, kwa hiyo msikubali dawa hiyo ikasahaulika. Mtoto anayeikosa kwa muda mrefu huweza kupata matege na kuchelewa kutembea.

Kuhusu kigari cha kuketia, nakusihi usikinunue. Mtoto aliyening'inia ndani yake husukuma kwa ncha za vidole bila kujifunza kubeba uzito wake, na hukosa muda wa kuwa sakafuni, ambako ndiko misuli hujengwa. Zaidi ya hayo, hukimbia kuliko mkono wa mtu mzima unavyoweza kumfikia, na wengi wameporomoka nacho ngazini. Canada ilikipiga marufuku mwaka 2004 hata kukiuza, na madaktari wa watoto wa Ujerumani wanakipinga. Mimi mwenyewe nimemfunga bandeji mtoto wa jirani yangu aliyeanguka nacho kwenye vidato viwili tu. Kigari cha mbao cha kusukuma, ambacho mtoto husimama nyuma yake, ni kitu kingine kabisa, nacho hakina neno mradi kiwe kizito kiasi cha kutomkimbia.

---

Mama wa Shela

Bi, nimesoma maneno yako nikamkumbuka mamangu. Nimekaa Hamburg miaka sita, mwanangu wa kwanza alizaliwa kule, na sasa tumerudi Shela. Muuguzi amekutosheleza katika habari ya miguu, basi mimi nitazungumzia kutoka nje.

Jambo la kwanza ni kwamba mtoto wa kule hutolewa nje kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mwanzoni niliona ni ukatili. Nilimfungia mwanangu ndani wiki mbili za Novemba, nikidhani namkinga, na kilichotokea ni kwamba hakulala, mimi nikawa nalia bila sababu, na jirani wa chini akaja kulalamikia kishindo cha vitu vilivyokuwa vikirushwa. Tangu nilipoanza kumtoa saa mbili kwa siku, nyumba ilitulia. Usiogope kelele za mtoto kiwanjani. Sheria yao ilirekebishwa mwaka 2011, ikasema kwamba sauti za watoto katika shule za chekechea na viwanja vya kuchezea kwa kawaida hazihesabiwi kuwa usumbufu.

Mavazi ndiyo siri. Mvishe nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, kama maganda ya kitunguu, usimvishe moja nene, ili mkiingia kwenye basi lenye joto uweze kumpunguzia. Juu ya yote huvaa suruali ya mpira yenye kanda za mabegani na buti za mpira, na kwa mavazi hayo mtoto huketi ndani ya dimbwi la maji bila kulowa. Glavu zake ziwe zimeunganishwa kwa uzi unaopita ndani ya mikono ya koti, ama sivyo utaacha moja katika kila kituo. Mkipanda gari, kiti cha mtoto ni lazima kwa sheria, na koti nene livuliwe kwanza, kwa sababu hufanya mikanda ikae mbali na kifua. Ndani ya nyumba mwache miguu mitupu au soksi zenye vidoti vya mpira; viatu vya kutembelea havina haraka mpaka aanze kutembea nje.

Kwenye mabasi kuna nafasi ya kigari cha kumbebea mtoto karibu na mlango wa katikati, na watoto wa chini ya miaka sita hawalipi nauli, si mjini wala kwenye treni za mbali. Treni za haraka za ICE zina hata chumba cha wenye watoto wadogo, ambacho hulipiwa kiti mapema. Lakini kwa siku za mwanzo usiende mbali. Kila mtaa una kiwanja chenye mchanga, bembea yenye kiti cha kumzuia mtoto asianguke, na mteremko wa kutelezea. Bustani ya Planten un Blomen, iliyo katikati ya mji, haina kiingilio, ina viwanja vikubwa vya watoto, na mwezi wa Oktoba njia zake hujaa majani makavu. Mwanangu alichukua hatua zake tatu za kwanza ndani ya majani hayo. Alisikia yakilia chini ya buti, akaganda, akatazama miguu yake, kisha akaikanyaga tena makusudi ili yalie, akasahau kuwa hakuna aliyemshika.

Angalia saa. Mwezi Desemba jua hutoka saa mbili na nusu asubuhi na kuchwa karibu saa kumi jioni, kwa hiyo matembezi yawe ya asubuhi. Gizani wana jambo lao zuri: karibu na tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, watoto hutoka jioni na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe, wakaandamana mitaani wakiimba. Ni desturi ya Kikristo kwa asili yake, kwa hiyo amua wewe na binti yako, ila mimi nilimbeba mwanangu tukatazama kutoka kando ya njia, na neno lake la kwanza la Kijerumani likawa "Laterne", yaani taa.

Na usiogope kutojua lugha. Wewe sema naye Kiswahili chote ulicho nacho, umtajie kila mnachokiona. Kwenye uchunguzi wa U7 wataulizia maneno, na kipimo chao cha kawaida ni maneno 50 mtoto akiwa na miaka miwili. Maneno ya lugha zote mbili huhesabiwa. Mwanangu alikuwa na "maji", "paka", "njoo", "sitaki" na "punda", ingawa punda alikuwa amemuona mara moja tu, na daktari aliyaandika yote.

---

Bi wa Langoni (Lamu)

Nimeshukuru kwa dhati, Mungu awalipe. Kigari cha kuketia nimekiacha. Nimekwenda kwa fundi wa mbao nyuma ya msikiti, amesema atanitengenezea cha kusukuma kwa muda wa siku tisa, na sehemu yake ya mbele itachukua mawe au mchele wa kukitia uzito. Naomba kuuliza tena mawili madogo. Naweza kumbeba mtoto mgongoni kwa leso mbele za watu bila kushangaliwa? Na naweza kuchukua samli na maembe, ili nimpikie uji na kumlisha kama nilivyomlisha mama yake?

---

Mtu wa Mkomani, Hamburg

Sabalkheri Bi, mimi ni mzaliwa wa Mkomani, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiwa Hamburg. Samli usiichukue, kwa kuwa bidhaa za maziwa na nyama kutoka nje ya Umoja wa Ulaya huzuiwa mpakani na kutupwa mbele yako. Embe nalo hutaka cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi na tende hazihitaji cheti hicho, kwa hiyo chukua nazi na tende, na uji wa mtoto utakuwa na ladha ya kwetu. Kuhusu leso, mbebe bila wasiwasi wowote. Wajerumani wenyewe hununua mbeleko za kufunga kwa bei kubwa, na mke wangu amesimamishwa mara nyingi kituoni na kina mama wanaotaka kuona anavyolifunga fundo.

Nina sehemu moja ya kukupeleka kwa maneno, kwa sababu ndiyo niliyoikosa kuambiwa nilipokuja. Ukiwa Landungsbrücken, gati kuu ya mji, kuna feri nambari 62 inayokwenda Finkenwerder. Tiketi yake ni ile ile ya basi na treni, safari ni karibu nusu saa, na kigari cha mtoto huingia moja kwa moja. Mtoto wangu alipokuwa wa umri huo nilimpeleka kila Ijumaa baada ya sala. Mkae chini ndani, palipo na joto, karibu na dirisha. Boti ikiegesha kwenye gati husikia mtetemo miguuni, na huyo wangu alikuwa akishika ukingo wa kiti na kuinama magoti kila ilipogusa, kama nahodha. Naamini alijifunza mizani humo kuliko popote.

Shukeni Neumühlen, kwenye kitongoji cha Övelgönne, ambako kuna ufuo wa mchanga. Mto wa Elbe hupwa na kujaa pale, ingawa bahari iko mbali kiasi cha kilomita 100, kwa hiyo utaona maji yakirudi nyuma na mchanga wenye unyevu ukibaki, kama unavyouona mbele ya forodha yetu. Nilipouona mara ya kwanza nilikaa chini. Ninachokuonya ni kimoja: meli kubwa ya makontena ikipita, maji kwanza huvutwa kutoka ufuoni, kisha hurudi kwa mawimbi yenye nguvu, hata pakiwa shwari. Ukiiona meli inakuja, mchukue mtoto upande juu, usingoje.

Kuhusu Januari, mwambie binti yako aulize mapema ni nani atakayekaa na mtoto siku za mwanzo za Kita. Shule nyingi hufuata utaratibu uliobuniwa Berlin katika miaka ya 1980: siku tatu za kwanza mzazi huketi chumbani pamoja na mtoto kwa muda wa saa moja hivi, bila kumwacha, na kujaribu kuachana huanza siku ya nne, tena kwa dakika chache. Kama viza yako ingalifika huko ningekushauri uwe wewe, lakini hesabu ya siku 90 wanaishika hasa, na usijaribu kuipitisha hata kwa siku moja.

---

Muuguzi wa Malindi

Naongeza neno juu ya kile kishimo cha marehemu mama yako, kwa sababu sikukigusa hapo awali na kimenikaa moyoni. Hakina madhara mradi mchanga usizidi magoti na mkono wako uwe karibu. Mchanga hushika miguu ili mtoto asianguke, naye hubeba uzito wa kiwiliwili mwenyewe na kujifunza kukisawazisha. Hakitamtembeza kabla ya wakati wake, lakini kitampa kusimama wima na kuona mbali, na mtoto hupenda hilo.

---

Bi wa Langoni (Lamu)

Nimempigia binti yangu jana usiku, nikamsomea majibu yenu yote, na yale ya utafiti wa nchi tano akaniomba nirudie mara mbili. Ameahidi kuweka miadi ya chanjo katika wiki yangu ya nne, ili twende pamoja. Jumatano hii hataenda kwenye kikundi. Atampeleka mtoto kwenye majani, kisha anipigie simu.

Fundi amemaliza kigari, na pembeni amechonga ua dogo kama yale ya kwenye milango yetu, ambalo sikumuagiza. Leso nimetia mbili. Suruali ya mpira tutainunua huko siku ya pili nikifika, maana kiwanja cha mtaani kwao kina mchanga, na hata ukiwa umelowa, nitachimba kwa mkono wangu pahali pa magoti mawili.